Idhaa za Kiswahili za Serikali za Kigeni: Ipi Imfae Msikilizaji wa Mombasa?

Mkazi wa Mombasa anayetaka kuzisikia habari za dunia kwa Kiswahili hana uhaba wa wasimulizi. London, Bonn, Washington, Beijing, Paris, Tehran na Tokyo zote zimeanzisha idhaa za kusema naye kwa lugha yake, na kila moja huendeshwa kwa fedha au kwa sheria za dola iliyoona kuna manufaa kusikika katika mwambao huu. Hakuna hata moja inayoficha inakotoka. Hii ndiyo diplomasia ya umma, au, kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi, propaganda ya wazi: msemaji anajulikana, anayemlipa anajulikana, na anayekusudiwa ni sisi. Kumwambia mtu ajiepushe nazo kabisa hakumsaidii, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari za kimataifa zinazotufikia kwa Kiswahili hupitia humo, zikiwemo zile ambazo redio zetu za FM huzirusha kwa mikataba ya ushirika. Linalohitajika ni kuziweka idhaa hizi bega kwa bega na kuzipima.

Kipimo changu si nani analipa, maana katika hilo zinakaribiana mno. Nauliza ni nani aliye na uwezo wa kumnyamazisha mhariri, kama uwezo huo umewahi kutumika, na siku ulipotumika kulitokea nini. Pili nauliza idhaa inavyosimulia aibu za serikali yake yenyewe, kwa sababu aibu za serikali ya jirani kila mtu huzisimulia vizuri.

Mji huu una uzoefu mrefu wa mambo haya. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwahimiza wasikilizaji wa Afrika Mashariki waupinge utawala wa Waingereza. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na kituo chake papa hapa mjini, Sauti ya Mvita, kilichoshindania masikio yale yale. Kisha wakaja wengine: BBC mwaka 1957, Beijing mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Deutsche Welle mwaka 1963. Ukizisoma tarehe hizo kwa mfululizo utaona kwamba kilichowavuta si mapenzi ya lugha. Himaya zilikuwa zinaondoka, nchi mpya zilikuwa zinazaliwa, na kila upande wa Vita Baridi ulitaka kuwahi.

London na Bonn

BBC ya London na Deutsche Welle ya Bonn ndizo zinazofanana zaidi kwa sura, na kwa hiyo ndizo zinazofaa kutenganishwa kwa uangalifu.

Kwa miongo mingi idhaa za nje za BBC zililipiwa kwa ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Mwezi Aprili 2014 mzigo huo ulihamishiwa kwenye ada ya leseni ya televisheni inayolipwa na kaya za Uingereza, na tangu mwaka 2016 serikali ikarudi tena kuongeza fedha zake. Waziri wa Mambo ya Nje hushauriana na BBC na kukubaliana nayo kuhusu lugha zitakazotangazwa na malengo ya jumla ya huduma hiyo, ila haruhusiwi kuamua kitakachosemwa ndani ya habari. Mpaka huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwani serikali inaweza kuamua kama Kiswahili kitasikika kutoka London au hakitasikika, lakini kikishasikika haina haki ya kushika kalamu.

Je, mpaka huo umewahi kujaribiwa? Umejaribiwa, tena vikali. Wakati wa mgogoro wa Suez mwaka 1956, BBC ilimpa nafasi kiongozi wa upinzani Hugh Gaitskell kumjibu Waziri Mkuu Anthony Eden na ikayatangaza mashambulizi ya upinzani dhidi ya vita hata katika matangazo yake ya Kiarabu, jambo lililomkasirisha sana Eden na kuzua vitisho vya kukatwa ruzuku. Wakati huo huo serikali ya Uingereza ilikitwaa kituo cha Sharq al-Adna kilichokuwa Cyprus, kikiwa na wasikilizaji wengi wa Kiarabu, ikakigeuza kuwa Sauti ya Uingereza na kukitumia kwa propaganda ya moja kwa moja. Watangazaji wake Waarabu wakajiuzulu na kituo kikapoteza heshima yake ndani ya muda mfupi. Dola ile ile, vita vile vile, vituo viwili: kimoja kiliachiwa mhariri wake na kikaendelea kusikilizwa, kingine kilinyang'anywa na kikafa. Kwangu huu ndio ushahidi ulio bora kuliko yote kwamba uhuru wa mhariri si pambo tu, bali ndio unaoifanya idhaa iwe na thamani hata kwa serikali inayoilipia.

Hata hivyo uhuru huo una bei. Mwezi Januari 2004, baada ya ripoti ya Jaji Hutton kuilaumu BBC kwa habari yake kuhusu silaha za Iraki, mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mkuu wote wawili waliondoka kazini. Anayedhani kwamba serikali ya London haiwezi kuitikisa BBC akumbuke mwezi huo.

Deutsche Welle imejengwa kwa namna tofauti. Fedha zake hutoka moja kwa moja katika bajeti ya serikali kuu ya Ujerumani, na sheria iliyoiunda inaipa kazi ya kuitambulisha Ujerumani kwa walimwengu kama taifa la utamaduni wa Ulaya na dola ya kidemokrasia inayofuata sheria. Yaani diplomasia imeandikwa ndani ya sheria yenyewe, bila kificho. Usimamizi umo mikononi mwa baraza lenye wawakilishi wa bunge, serikali na makundi ya kijamii yakiwemo ya dini, na serikali inaweza kukagua kama sheria inafuatwa bila kuingilia vipindi. Asili ya idhaa hii ni mashindano: Ujerumani Mashariki nayo ilikuwa na Radio Berlin International iliyotangaza kwa Kiswahili, na baada ya Zanzibar kuitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964 msikilizaji wa mwambao alikuwa na Ujerumani mbili zilizomgombea. Mojawapo ilinyamaza Oktoba 1990, siku moja kabla ya nchi hizo kuungana.

Ipo wiki moja inayofaa sana kwa kuzilinganisha dola hizi mbili. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles III alianza nchini Kenya ziara rasmi iliyomleta hadi Mombasa, akaeleza huzuni kubwa na majuto kwa ukatili uliotendwa na wakoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Tarehe 1 Novemba, kule Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda wakati wa Vita vya Maji Maji. Matukio yote mawili yalikuwa diplomasia ya umma kwa maana kamili ya neno hilo, yakilenga masikio ya Waswahili. Anayetaka kuipima idhaa na arejee habari za wiki ile: aangalie kama pengo la radhi limetajwa mapema au limefichwa chini, kama wazao wa walioteswa wamepewa nafasi ya kusema kwa sauti yao, na kama zile pauni milioni 19.9 ambazo Uingereza ilikubali mwaka 2013 kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau zimekumbushwa. Zoezi hilo la nusu saa linafundisha zaidi ya mihadhara mingi.

Katika jambo moja nina shaka na zote mbili, nalo ni Gaza. Mwongozo wa maadili wa Deutsche Welle unawataka wafanyakazi wake waitambue haki ya Israeli ya kuwepo, jambo linalotokana na historia ya Ujerumani yenyewe, na msikilizaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajapima uzito wa maneno yanayochaguliwa. Simaanishi kwamba habari zake ni za uongo. Ninachosema ni kwamba msimamo wa dola unaweza kukaa ndani ya uchaguzi wa maneno hata pale ambapo hakuna waziri aliyepiga simu.

Washington

Kwa upande wa sheria, hakuna idhaa iliyoandikiwa ulinzi kwa uwazi kama Sauti ya Amerika. Hati yake, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Julai 1976, inaitaka iwe chanzo cha habari sahihi, kamili na zisizoegemea upande, kisha katika kifungu kingine inaitaka ieleze sera za Marekani kwa uwazi. Kazi hizo mbili ziliwekwa chini ya paa moja, na kwa muda mrefu maoni ya serikali yalitengwa katika tahariri zilizotangazwa kwamba ni maoni ya serikali ya Marekani. Utaratibu huo ninausifu: msikilizaji aliambiwa habari inaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Tena sheria ya mwaka 1948 ilikataza bidhaa hizo zisisambazwe ndani ya Marekani, katazo lililolegezwa mwaka 2013. Kwa miaka mingi, basi, Mswahili wa Kisauni alikuwa anasikiliza kitu ambacho serikali ya Marekani haikuruhusiwa kumpelekea raia wake.

Mwezi Septemba 2001 idhaa hii ilitangaza sehemu za mahojiano na kiongozi wa Taliban, Mullah Omar, ijapokuwa Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeshinikiza yasitangazwe. Huo ulikuwa ujasiri wa kweli. Lakini tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia idhaa hizo, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakawekwa likizo na tovuti zikaacha kupata habari mpya. Tangu hapo mambo yamekuwa yakivutana kati ya ikulu na mahakama. Waliozoea kipindi chake cha jioni, Kwa Undani, walijikuta hawana.

Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu aifanye Sauti ya Amerika kuwa tegemeo lake, ingawa watangazaji wake wa Kiswahili walikuwa miongoni mwa waliotuhudumia vizuri. Hati ya mwaka 1976 ililinda kinachosemwa, lakini haikuweza kulinda kuwepo kwa msemaji. Kwa kipimo nilichokianza nacho, aliyekuwa na uwezo wa kumnyamazisha mhariri alionekana siku ile moja, na alikuwa mtu mmoja mwenye kalamu.

Beijing

Radio China Kimataifa haina utata wa aina hiyo, kwa sababu haidai kuwa mbali na mwenye nayo. Mwezi Machi 2018 iliunganishwa na televisheni na redio nyingine za taifa kuwa shirika moja kubwa lililo chini ya idara ya propaganda ya Chama cha Kikomunisti. Miaka miwili kabla ya hapo, Februari 2016, Rais Xi Jinping alivitembelea vyombo vikuu vya habari na kutamka kwamba vyombo vya chama lazima vibebe jina la ukoo la chama. Kauli hiyo ilisemwa hadharani na yafaa ichukuliwe jinsi ilivyo. Mwaka 2021 mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza aliifutia leseni televisheni ya CGTN kwa hoja kwamba udhibiti wa uhariri umo mikononi mwa chama, na siku chache baadaye China ikaizuia BBC World News nchini mwake.

Kwetu Kenya uwepo wao ni mkubwa. Redio hiyo ilifungua kituo chake cha FM Nairobi mwaka 2006, na mwaka 2012 televisheni ya taifa ya China ikafungua makao yake ya Afrika katika mji huo huo. Habari zao za Afrika zina sifa moja ambayo wapinzani wao hawapendi kuikubali: humwonyesha Mwafrika akijenga, akilima na akifanya biashara, wakati ambapo vyombo vya Magharibi kwa miaka mingi vilimwonyesha akifa. Nalithamini hilo kwa dhati. Tatizo huanza pale ambapo mradi unaosifiwa una walioumia.

Reli ya SGR ni mfano ulio mlangoni petu. Ilijengwa na kampuni ya China kwa mikopo ya takriban dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China, na ikazinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Kwa abiria ilileta nafuu ambayo hakuna anayeikana. Mwezi Agosti 2019, hata hivyo, ilitolewa amri kwamba shehena zinazokwenda bara zisafirishwe kwa reli hiyo, na Mombasa ikaandamana, kwa sababu uchumi wa Changamwe, Miritini na Mariakani ulitegemea malori, madereva, mafundi na mama lishe wa njiani. Wanaharakati wakaenda mahakamani kudai mikataba iwekwe wazi, wakashinda mwaka 2022, na sehemu ya mikataba ilipotolewa Novemba mwaka huo ilionekana kwamba mikopo inaongozwa na sheria za China na migogoro yake inasuluhishwa Beijing.

Sasa chukua habari hiyo moja uilinganishe. Katika vyombo vya Beijing utapata idadi ya abiria, ajira, mafunzo ya madereva wa treni wa Kikenya, na urafiki wa mataifa mawili, na mengi ya hayo ni kweli. Usitarajie kupata huko kifungu cha usuluhishi kikichambuliwa wala dereva wa lori akihojiwa kwa kina. Katika BBC na Deutsche Welle utampata dereva wa lori na utalipata deni, lakini mara nyingi utaachwa bila kuelezwa kwamba wakopeshaji wa Magharibi nao wana masharti yao, na kwamba reli tuliyokuwa nayo kabla ya hii ilijengwa na wakoloni kwa manufaa yao. Ukimya wa kila mmoja uko mahali tofauti. Ila ukimya wa London au Bonn unaweza kuvunjwa kesho yake na mhariri mwingine wa idhaa ile ile, na ule wa Beijing umewekwa na taratibu ambazo mhariri hana njia ya kuzivuka.

Pamoja na hayo yote, kuna watu hapa mjini ninaowahimiza waisikilize Radio China Kimataifa kwa makini kuliko idhaa nyingine yoyote, nao ni wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa Guangzhou. Beijing inapotangaza sera, idhaa yake huitoa jinsi ilivyo. Msamaha wa ushuru kwa bidhaa zinazoingia China ulioanza kutumika Desemba 2024 ulizihusu nchi zilizo maskini zaidi, kundi ambalo Kenya haimo. Nia ya kuupanua kwa nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano wa kidiplomasia na China ilitangazwa Juni 2025. Mwenye kupanga kupeleka parachichi au kahawa huko anahitaji kujua tofauti hiyo neno kwa neno, na kauli rasmi ina faida yake hapo kwa sababu ni rasmi.

Tehran, Paris na Tokyo

Idhaa ya Tehran ina wasikilizaji wake Mombasa, hasa kwa vipindi vya dini na habari za Palestina, na baadhi yao huniambia kwamba huko ndiko wanakosikia majina ya mashahidi yakitajwa kwa heshima. Haja hiyo ni ya haki. Lakini katiba ya Iran, kifungu cha 175, inampa Kiongozi Mkuu mamlaka ya kumteua mkuu wa utangazaji, na mwaka 2022, nchi ilipotikiswa na maandamano baada ya kifo cha Mahsa Amini, msimamo rasmi ulikuwa kwamba ni ghasia zilizochochewa na maadui wa nje. Aitumie mtu kujua Tehran inafikiri nini kuhusu vita, na asiitumie kujua kinachotokea ndani ya Tehran.

RFI Kiswahili, idhaa ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, ilianza mwaka 2010 jijini Dar es Salaam na nguvu yake iko Kongo, Burundi na nchi za Sahel. Mali na Burkina Faso ziliifungia RFI mwaka 2022, na Niger ikafuata mwaka 2023. Ufaransa ikiwa ni mhusika katika migogoro hiyo, habari zake za Sahel zinahitaji kusikilizwa pamoja na nyingine. NHK ya Japani ni tulivu, fupi na nzuri kwa mafunzo ya Kijapani, ingawa hata huko mwaka 2006 waziri aliiamuru izipe uzito habari za Wajapani waliotekwa na Korea Kaskazini.

Nani asikilize nini

Kwa mtu mwenye nafasi ya idhaa moja tu kwa siku, ningechagua BBC kwa upana wa waandishi wake walioko Afrika Mashariki yenyewe, na kwa sababu mpaka wake na serikali umejaribiwa mara nyingi zaidi. Anayejali uchambuzi mrefu na Kiswahili kilichonyooka ataridhika zaidi na Deutsche Welle. Wazee wetu wa Mvita ni wakali kwa lugha, nami nasikia Bonn ikijitahidi kuliko London katika kuepuka sentensi zinazonuka Kiingereza.

Mwenye nafasi ya idhaa mbili asichukue hizo mbili pamoja, kwa kuwa zinakubaliana mno. Achukue mojawapo, kisha aongeze Beijing au Tehran kulingana na jambo analolifuatilia, na kila habari kubwa aisikilize pande zote mbili siku hiyo hiyo kabla haijapoa. Mwalimu anayeongoza chama cha uanahabari shuleni anaweza kufanya hivyo kwa habari moja ya bandari kila muhula: wanafunzi wagawane idhaa, waandike nani amehojiwa, takwimu imetoka kwa nani, na ni jambo gani lililotajwa na mmoja likanyamaziwa na mwingine, kisha waliulize jambo hilo lililonyamaziwa kwa watu wa Kilindini wenyewe, ambao hawahitaji kusubiri idhaa yoyote iwaambie meli ngapi zimetia nanga.